Kitambaa Kinauzwa Mlangoni

Ukiingia jengo jipya la Duka Refu pale mjini Mwanza, lile la vioo lenye ngazi zinazopanda zenyewe, karibu na mlango utaona meza yenye kitabu cha jalada gumu. Ndicho kitabu cha historia ya kampuni. Nimekiandika mimi, na jina langu liko juu ya jalada kwa herufi za dhahabu. Ndani yake imeandikwa kwamba katika miaka ya shida, bidhaa zilipoadimika nchi nzima, Duka Refu halikufunga milango hata siku moja, kwa uongozi thabiti wa mwanzilishi. Kwamba halikufunga ni kweli. Hayo ya uongozi ni uongo, na nilijua kuwa ni uongo wakati nauandika.

Sasa nataka kuandika juu ya mtu aliyenionesha uongo huo mbele ya macho yangu. Jina lake silitaji. Amenikataza, na sababu yake itakuja. Sisi tuliofanya naye kazi tulimwita Mama wa Vitambaa, kwa kuwa alikuwa mkuu wa idara ya vitambaa tangu sijajua kusoma. Kwao ni wapi na baba yake alikuwa nani, hayo hayapo katika habari hii. Yeye mwenyewe akiulizwa alikotoka alijibu, "Nimetoka nyuma ya kaunta," na muulizaji akaishia hapo.

Kwa asiyelijua, Duka Refu lilianza kama chumba kimoja cha sufuria na mafuta ya taa. Mwenye mali, ambaye wote tulimwita Tajiri, akaongeza chumba baada ya chumba kufuata barabara, hadi likawa refu kuliko maduka yote ya mtaa ule. Watu wakaliita hivyo, na jina lililoandikwa kwenye kibao likasahaulika. Uliingia mlango wa kwanza ukakuta ndoo na sufuria, ukasogea ukakuta viatu, kisha baiskeli, kisha madaftari, na mwisho kabisa vitambaa. Baadaye likafunguliwa tawi Magu kwa ajili ya wakulima wa pamba, jingine Kamanga pale kivuko kinapotua, na la mwisho Igoma. Kulikuwa na wakati bwana harusi wa Magu alivalishwa na Duka Refu kuanzia soksi mpaka kofia, na godoro la kulalia akapakia hapo hapo.

Mimi niliingia nikiwa msichana aliyetoka shule juzi, nikapewa kaunta ya madaftari, jirani na vitambaa. Nilikaa ubavuni mwa mama yule miaka mingi kabla sijapandishwa ofisini kupiga chapa. Kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa, isipokuwa pale nitakaposema nimehadithiwa.

Sheria yake kuu ilikuwa kwamba kitambaa kinauzwa mlangoni. Kwa urefu ule wa duka, kule mwisho mwanga ulikuwa haba, na taa za mirija zilivuruga kila rangi. Nyeusi ilionekana bluu, nyekundu ikawa kahawia. Basi mteja akishachagua, Mama wa Vitambaa alilibeba jora begani, akatangulia naye duka zima mpaka barazani, akalikunjua juani. Halafu alilamba kidole gumba, akasugua pindo la kitambaa mara tatu, akamwonesha mteja kidole. Kikiwa kimeshika rangi, alilikunja jora na kurudi nalo ndani, mteja atake asitake. Kikiwa safi, aliuliza, "Nikate?" Na hakugusa mkasi mpaka mteja mwenyewe, kwa kinywa chake, aseme, "Kata."

Alipima kwa yadi ya mbao iliyovikwa shaba kwenye ncha zote mbili. Akimaliza kupima alitandaza kiganja na kuongeza shibiri moja. Hiyo aliiita nyongeza. Ukimuuliza ya nini, alisema ni ya fundi atakayekosea.

Tuliwahi kuletewa meneja kutoka Dar es Salaam, kijana wa tai, aliyeona utaratibu ule ni wazimu. Akapiga marufuku kutoa majora nje. Akatuita wote, akasema mwizi atalinyakua na kukimbia.

"Mwizi wa kukimbia na jora zima begani simjui," Mama wa Vitambaa akamjibu. "Mwizi ninayemjua ni anayeuza langi ya uongo gizani."

Meneja akacheka. Alicheka ile "langi", na wawili watatu wakacheka naye kwa kujipendekeza. Ndimi nyingi za huku kwetu zinaichezea r, hilo hakuna asiyelijua, na mama yule akitaka aliweza kuitamka kama mtangazaji wa redio. Neno lile aliliacha kusudi, nadhani ili awajue wanaocheka.

"Wewe unaitamka vizuri, baba," akamwambia, "lakini huijui."

Alipewa barua ya onyo, na baada ya wiki akapewa ya pili, kisha ya tatu. Karatasi za ofisi wakati ule zilikuwa nzito na nzuri. Zote tatu alizikata ruwaza za kola za mashati na kuwagawia mafundi cherehani wa barazani, na kwa miaka kadhaa zilishona mashati ya watu wa mjini huku maneno "unaonywa vikali" yakiwa upande wa nyuma. Meneja alihamishwa kabla ya masika, na majora yaliendelea kutoka nje kila siku.

Msidhani alikuwa mtu mwepesi kuishi naye. Alikuwa na ulimi wa kuchoma, na huruma yake ilibidi uitafute kwa tochi. Hakuruhusu mtu kukaa saa za kazi. Stuli aliita ugonjwa. Ukiegemea kaunta alikuuliza kama imekuoa. Lakini nilipokuwa na mimba ya kwanza, asubuhi moja nilikuta nyuma ya kaunta yangu katoni mbili za madaftari zimebebanishwa na kufunikwa kaniki iliyokunjwa mara nne. Hakunitazama. Mkaguzi alipopita na kuuliza kwa nini nimekalia bidhaa, yeye ndiye aliyejibu kutoka kaunta ya pili.

"Hayo ni madaftari ya shule. Anayalinda."

Nilipokaribia kufunga ndoa nilikuwa nimeitamani lesi fulani nyeupe kwa miezi. Alikataa kuniuzia. Alisema itaniwasha kanisani mpaka nimchukie bwana harusi bure. Nikalia, nikanuna, nikaenda kuinunua duka la ng'ambo ya barabara. Iliniwasha. Nilisimama mbele ya mchungaji nikijikuna kama mwenye upele, na nilipoinua macho nikamwona katika safu ya tatu, amefunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika.

Mchungaji mwenyewe hakusalimika. Alikuja kutaka kitambaa cha zambarau cha madhabahu kwa ajili ya Kwaresima. Jora likatolewa barazani, kidole kikalambwa, kikarudi cha zambarau.

"Hiki sikuuzii," akasema.

"Mama, ni cha madhabahuni tu. Hakifuliwi kila wiki."

"Kwa hiyo Mungu ndiye wa kupewa kinachochuja?"

Mwaka ule madhabahu yetu yalivaa kitambaa cha zamani kilichotiwa viraka, na Jumapili mama yule akakaa mbele kabisa, akaimba sauti ya pili bila wasiwasi wowote. Mchungaji alikuja kumwomba radhi kabla ya Pasaka. Siku hiyo aliponunua cheupe cha sikukuu, mama yule alimpa nyongeza ya shibiri mbili.

Kitu kimoja sikukielewa kwa miaka yote hiyo. Matusi aliyamudu, vitisho aliviweza, lakini sifa zilimshinda. Ukimsifu faraghani alikufukuza kwa utani. Ukimsifu mbele ya wenzake, uso ulimkauka, akaacha alichokuwa akifanya na kutoka nje. Siku ya kustaafu kwake, mkurugenzi mpya, ambaye ni mtoto wa Tajiri, alisimama na kusema mama huyu ni nguzo ya kampuni. Sote tukapiga makofi. Tulipogeuka kumtazama, kiti chake kilikuwa kitupu. Chupa ya chai na cheti alivyoandaliwa vilibaki mezani. Yadi ya mbao haikuonekana tena. Mlinzi wa getini alinieleza kwamba alimuuliza anakwenda na nini cha kampuni, naye akasema, "Kiinua mgongo changu," akapita.

Nilidhani ni unyenyekevu. Wengine walisema ni kiburi. Wote tulikosea.

Miaka ikapita. Maduka ya bei rahisi yakajaa mjini, tawi la Magu likafungwa, la Kamanga likageuzwa bohari, na mkurugenzi akaamua kuvunja duka la zamani na kujenga hilo la vioo. Akataka na kitabu cha kulizindulia. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, lakini alikumbuka kwamba naweza kuandika, akanipigia simu. Nitasema wazi jinsi nilivyojisikia: nilifurahi mno. Maisha yangu yote nimepiga chapa maneno ya watu wengine.

Nilianzia Igoma, nyumbani kwa Mama wa Vitambaa. Anakaa nyuma ya gereji za barabara ya Musoma, nyumba ya vyumba viwili yenye mlango mpana kuliko kawaida. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekuja kumwona au kumhoji. Nikamwambia yote mawili. Nikamuuliza juu ya miaka ile ya shida, kwa kuwa mimi niliajiriwa baada ya miaka hiyo, shelfu zilipoanza kujaa tena.

"Tulikuwa tisa," akaanza.

Akanieleza. Bidhaa zilikwisha. Tajiri akaondoka kwenda kutafuta mali nje ya mkoa, akasema wiki mbili, na masika mawili yakapita hajaonekana. Wafanyakazi wanaume wakatawanyika, wengine machimboni, wengine ziwani kwenye samaki. Wakabaki wanawake tisa na ufunguo mmoja, na ufunguo alikuwa nao yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ametangulia kuajiriwa. Kila siku saa mbili asubuhi walifungua, wakafagia, wakapangusa shelfu tupu, wakasimama kila mtu kwenye kaunta yake. Wapita njia waliwacheka. Waliingia makusudi, wakaomba kuoneshwa viatu.

Kisha wakaanza kujaza duka wenyewe. Kabula akaleta vyungu kutoka kwa wafinyanzi wa kwao. Nyamizi akaleta mikeka. Bertha akaongea na mafundi bati wa Igoma, wakamtengenezea koroboi kwa makopo matupu. Akinyi akaleta kamba za katani na vikapu, Esta sabuni ya kupika mwenyewe, Perpetua katambuga za matairi, Nyabwire miiko na vinu. Leticia, aliyekuwa fundi wa kushona, alifumua magunia ya unga, akayafua mpaka maandishi yakatoka, akashona kaptura za shule. Wakavipanga kwenye shelfu kwa idara, vyungu kwa sufuria, katambuga kwa viatu, kama kawaida ya duka. Watu wa Magu wakaja, wa Kamanga wakavuka na mitumbwi. Ndivyo Duka Refu lilivyobaki wazi.

Niliandika sura nzima. Ndiyo iliyokuwa sura bora ya kitabu, na sioni haya kusema hivyo.

Mkurugenzi aliisoma mbele yangu, ofisini, akigeuza kurasa kwa ncha ya kalamu.

"Mama, hii ni historia ya kampuni," akasema. "Si kikao cha vikoba. Majina tisa ya nini? Na vyungu! Tunafungua duka la kisasa, wewe unaniwekea vyungu. Mzee ndiye aliyelinda duka. Weka hivyo, na picha ya yule mama tuitie mahali."

Halafu akanionesha mchoro wa jalada. Nikaliona jina langu, kubwa, la dhahabu. Nikasema sawa. Hakunilazimisha, wala sikuwa na shida ya kula. Nililitaka jalada lile, basi, na kwa ajili yake niliwafuta wanawake tisa kwa mchana mmoja.

Kitabu kilipotoka, cha kwanza nilimpelekea yeye. Sijui nilifikiri nini. Labda nilifikiri picha itamfurahisha: alikuwa ukurasa mzima, amebeba jora, na chini yake yameandikwa maneno "mfanyakazi wa siku nyingi". Alikipokea kwa mikono miwili. Hakukifungua pale alipoketi. Aliinuka kwa shida, akaenda nacho mpaka mlangoni penye jua, akafungua. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alisoma ukurasa wa miaka ya shida mara mbili. Kisha akalamba kidole gumba, akasugua karatasi mara tatu, akakitazama.

"Langi haichuji," akasema. "Kitambaa ndiyo kibovu."

Nikajaribu kucheka.

"Hawa wanane umewapeleka wapi?"

Nikaanza kueleza habari za mkurugenzi, nafasi ya kurasa, gharama za uchapishaji. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniisha. Akachukua gazeti la zamani, akakifunga kitabu vizuri kwa pembe nne, namna alivyokuwa akifunga majora mabovu ya kurudishwa kwa wauzaji, akanipa.

"Rudisha."

Niliondoka na hasira. Nilimwita majina yote njia nzima, kimoyomoyo, kuanzia mchawi kwenda juu. Lakini kile kifurushi kilikaa mezani kwangu wiki mbili, na kila nilipopita niliona pembe zile nne zilizokunjwa kwa uangalifu. Mwisho nikakichukua nikaenda nacho moja kwa moja mpaka kwenye jengo la vioo, nikapanda zile ngazi zao, nikakiweka mbele ya mkurugenzi kikiwa kimefungwa vilevile.

"Majina tisa katika chapa ya pili," nikamwambia, "au ondoa langu."

Alishangaa, kisha akawa mpole, na ule upole ndio ulioniudhi zaidi. Alisema haiwezekani tisa. Lakini kwa heshima yangu ataweka moja, la Mama wa Vitambaa, na atawekwa kama shujaa wa duka, na sherehe tutamfanyia. "Huyo anatosha kuwawakilisha wote," akasema.

Nikakubali nusu ushindi. Nikarudi Igoma karibu nikimbie. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza: jina lake, kitabuni, mstari wa kwanza, shujaa.

Akaacha kuchambua. Uso ukamkauka kama siku zile za makofi. Safari hii hakutoka nje. Aliingia chumba cha ndani, nikasikia sanduku la bati likifunguliwa, na sauti yake ikaniita nikamsaidie kubeba.

Lilikuwa jora la tetroni ya samawati. Halijawahi kuguswa. Ukanda wa karatasi wa kiwandani ulikuwa bado umelizunguka, na lilinuka dawa ya nondo.

"Tajiri aliporudi na lori," akasema, "alitukuta kazini. Akatupanga wote kwenye baraza. Akalitoa hili, la kwanza kushuka, akanitia mikononi. Akasema mbele za watu, huyu ndiye aliyenilindia duka. Unajua tetroni siku zile ilikuwa nini? Watu walikuwa wanavaa magunia. Wanane wananitazama, wananisubiri niseme neno moja tu. Niseme tulikuwa tisa. Wazo lenyewe la kujaza shelfu lilikuwa la Leticia, halikuwa langu. Mimi nilikuwa na ufunguo tu."

"Ukasema nini, mama?"

"Nikasema, asante Tajiri."

Akalipapasa pindo.

"Leticia aliomba uhamisho wiki ileile. Akaenda tawi la Kamanga. Tangu siku hiyo namsalimia, anatazama ziwa. Kila mkutano wa kampuni, kila msiba, namsalimia. Anatazama ziwa. Jora nimeshindwa kulivaa, nimeshindwa kuliuza, nimeshindwa kulitupa. Sasa nawe unaniletea habari za kunitaja peke yangu. Nilishatajwa peke yangu mara moja, mwanangu. Mwambie huyo mkurugenzi wako akome. Na wewe ukome. Waandike wale wanane, popote utakapoandikia. Mimi, jina langu usiliandike."

"Lakini ulikuwepo. Na wewe ni wa tisa."

"Nilishalipwa ya kwangu," akasema, akalipiga jora kofi. "Beba."

Tukalibeba mpaka mlangoni. Akalikunjua juani, akalamba gumba, akasugua mara tatu, akanionesha kidole kikiwa safi. Akaichukua ile yadi ya mbao iliyokuwa imeegemezwa nyuma ya mlango na kuanza kupima, yadi tatu na nusu, kisha kiganja kikatandazwa kwa nyongeza. Mkasi alinipa mimi, kwa kuwa vidole vyake havibani tena.

"Kabula," akasema.

Nikabaki nimeshika mkasi. Miaka mingi nimekaa jirani na kaunta ile, najua utaratibu.

"Nikate?"

"Kata."

Akapima cha Nyamizi, nikauliza, akasema kata. Bertha. Akinyi. Esta. Perpetua. Nyabwire. Alipofika kwa Leticia alipima mara mbili, na shibiri yake ilikuwa ndefu kuliko zote. Kilichobaki kwenye jora hakikuzidi upana wa taulo. Alikitumia kufutia vumbi lililokuwa juu ya sanduku.

Vile saba nilivipeleka mimi, mwezi mzima. Watano kati ya wale saba wamefariki, nikawapa binti zao au wajukuu. Kule Magu, mwana wa Kabula, mzee wa mvi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniomba nirudie jina la mama yake mbele ya watoto wake, kwa sauti, naye akawaambia wakae vizuri wasikilize. Mkurugenzi nilimwandikia barua fupi: la mama yule asiliweke, na langu aliondoe. Katika chapa ya pili jalada halina jina la mwandishi. Chapa ya kwanza bado ipo pale mezani, na kila anayeisoma naomba asome na haya.

Kipande cha nane alisema atakipeleka mwenyewe. Goti lilikuwa linamsumbua, na nilimwambia Leticia anaweza asifungue mlango. Akaniuliza kama nimeanza kazi ya uganga. Tukavuka asubuhi kwa kivuko, yeye ameketi kwenye benchi na kifurushi mapajani, amevaa viatu vya kanisani.

Nyumba iko juu kidogo ya gati. Leticia alikuwa nje, mwembamba, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi, anatoa uzi kwenye pindo la gauni. Alituona tangu tulipoanza kupanda. Mimi nikamwamkia, akaitikia. Mama wa Vitambaa akasema, "Habari za hapa, Leticia." Yule akageuka akatazama ziwa.

Mama wa Vitambaa hakubembeleza. Alisimama jua likimpiga usoni, akafungua gazeti, akakiweka kitambaa juu ya meza ya cherehani.

"Hiki ni chako. Kilikuwa chako siku ileile," akasema. "Wenzetu wote wameshapata vya kwao. Sikuja kuomba unisamehe, nimekuja kukirudisha. Wazo lilikuwa lako na mimi nilinyamaza. Sasa nimesema, na huyu hapa amesikia, na ataandika."

Leticia aliweka gauni chini. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili, kisha kwa mkono, kisha akainuka nacho, akatoka chini ya kivuli cha bati mpaka penye jua. Alilamba gumba, akasugua mara tatu, akatazama kidole. Halafu akakipima kwa mkono wake, kutoka ncha ya vidole hadi begani, taratibu, mpaka mwisho, na pale mwisho akatandaza kiganja kuangalia kama nyongeza ipo.

"Umechelewa sana," akasema.

"Najua."

"Sana."

Kisha akamtazama machoni, akamwita kwa jina lake, lile la siku zile walipokuwa wasichana wa kaunta, akamwambia asogee akae. Jina hilo nililisikia vizuri. Siliandiki.